Siku nne chini ya Prado ya Mwalimu

Bolti iligeuka, na hapo ndipo iliponidanganya. Nilikuwa nimelala juu ya boksi lililochanwa, kichwa kimeingia chini ya Prado, mpini wa spana ya boksi nimeuongezea bomba la maji la mita nzima. Nikavuta. Kichwa cha bolti kikazunguka taratibu, bila kelele, kama nyuzi 30 hivi. Nikamwambia kijana ninayefanya naye kazi, "Imekubali." Nikaachia mpini nifute jasho, mara nikahisi bomba linanigusa goti. Bolti ilikuwa inarudi yenyewe. Ilirudi mpaka pale pale ilipoanzia, mstari wa chaki niliouchora kwenye kichwa chake ukakutana tena na ule niliouchora kwenye chesisi.

Bolti haikuwa imelegea hata kidogo. Ilikuwa imeshikana na bomba dogo la chuma lililo ndani ya bushi, kile kiungo cha mpira kati ya mguu wa gari na chesisi, kutu imevifanya kitu kimoja, na nilichokuwa nakizungusha ni mpira. Mpira ukajisokota, nilipoachia ukajinyoosha. Fundi mwenye haraka angemwambia mwenzake aishikilie bolti isirudi, akakaza nati hapo hapo, akapokea hela yake. Gari lingetoka likiwa na bushi iliyosokotwa, nayo ingechanika baada ya mashimo ya mwezi mmoja au miwili. Nimeshatoa bushi za namna hiyo nyingi. Unazitambua kwa mpasuko wake: unazunguka duara kufuata bomba la ndani, kama kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikatatuka.

Nafanya kazi Njoro, hapa Moshi. Ufundi wa magari niliusoma VETA, lakini miguu ya gari nilifundishwa na mzee mmoja wa Pasua ambaye sote tunamwita Meku, na kwa miaka 11 sasa miguu ndiyo kazi yangu: bushi, boljointi, shokapu, na wishiboni, yaani mikono ya chuma inayoshika tairi kwenye chesisi. Injini siigusi. Wapo wanaoziweza kuliko mimi.

Prado hii ni ya mama mmoja wa Kibosho, mwalimu mstaafu. Ni ya mwaka 1998, yenye injini ya 1KZ, na ilikuwa ya marehemu mume wake, aliyefanya kazi Tanga miaka 7, nyumba yao ikiwa karibu na bahari. Mwalimu anaiendesha mwenyewe. Kila baada ya wiki mbili anakwenda Arusha kwa binti yake anayekaa Sakina, na siku nyingine anapandisha mifuko ya mbolea shambani. Alikuja kwangu Jumatano asubuhi, akashuka, nikamwamkia, akaitika, halafu akanipeleka moja kwa moja kwenye tairi la mbele kushoto.

"Weka mkono huku ndani, mwanangu."

Nikaweka. Ukingo wa nje ulikuwa na meno yake yote. Wa ndani ulikuwa laini kama goti la mtoto, na sehemu moja nyaya zimeanza kuonekana. Matairi yale yalikuwa na miezi mitano tu. Akaniambia pia kwamba gari linavuta kulia. Akaliachia usukani kidogo tu kwenye barabara iliyonyooka, linakwenda upande wa wanaokuja.

Nikamuuliza kama amepeleka kwenye alaimenti, mashine ya kupima mkao wa matairi. Akafungua mkoba, akatoa daftari lililofunikwa kwa karatasi ya kaki, na ndani yake amebandika karatasi tatu za mashine, moja baada ya nyingine, kila moja na tarehe. Mara zote tatu aliambiwa gari limenyooka. Akaweka kidole kwenye karatasi ya mwisho. "Mimi nimesahihisha madaftari miaka 34. Hii rangi nyekundu hapa maana yake nini?"

Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu jibu lilikuwa linaniudhi. Karatasi ilisema kweli tupu. Kemba ya kushoto: nyuzi -1.8, nyekundu. Ya kulia: -0.4. Kasta za pande mbili hazilingani, nyekundu. Chini kabisa, kipimo cha pua za matairi, kijani. Yule aliyekuwa kwenye mashine alicheza na tairodi tu, zile fimbo za usukani zinazogeuza matairi, akapata kijani kimoja, akachapisha. Mara tatu. Na mara zote tatu alilipwa kwa kazi nzima.

Nikamweleza Mwalimu hivi. Kemba ni tairi kuinama: juu likiingia ndani kuliko chini, linakanyaga kwa ubavu wa ndani, na ubavu huo ndio unaoliwa. Upande mmoja ukiinama hivyo na mwingine umesimama, gari linavuta kuelekea ule uliosimama, na kwenye gari lake uliosimama ni wa kulia. Kasta ni mguu kuegemea nyuma ukiutazama kwa ubavu, na ndiyo inayorudisha usukani katikati ukitoka kwenye kona. Pua ni ncha za mbele za matairi, kama zinatazamana au zinapeana mgongo. Kwenye Prado hii pua unazipanga kwa tairodi, lakini kemba na kasta unazipanga kwa bolti nne za wishiboni za chini, mbili kila upande. Kila bolti ina kisahani ambacho tundu lake halikutobolewa katikati, na pembeni kimechongwa alama. Ukizungusha bolti, kisahani kinasukuma kwenye masikio mawili yaliyochomelewa kwenye chesisi, na wishiboni inaingia ndani au inatoka nje kwa milimita chache. Toyota waliziweka bolti hizo ili zizunguke. Lakini kama tangu gari lishuke bandarini hakuna aliyezizungusha, zinaacha kuzunguka.

"Basi wale vijana hawakuziona?"

"Waliziona, Mwalimu. Walijaribu moja, ikagoma, wakaogopa kuivunja."

Simlaumu mtu kwa kuogopa kuvunja bolti. Namlaumu kwa kuandika kwamba gari limenyooka.

Kutu inayoshika bolti hizi haionekani kwa nje, na ndiyo maana watu wanashangaa nati inafunguka vizuri kabisa halafu bolti haitoki. Nati iko hewani, inapata mafuta, inapigwa brashi. Ugonjwa uko katikati, mle ambamo bolti imepita ndani ya bomba la bushi. Nafasi kati yao ni ndogo mno, lakini maji yanapita. Chuma kikigeuka kutu kinavimba zaidi ya mara mbili ya ukubwa wake, na mle ndani hakuna pa kuvimbia. Kwa hiyo kutu inajishindilia yenyewe mpaka inakuwa ngumu kama kabari. Gari la Mwalimu lilianza na hewa ya chumvi ya Tanga. Likaja Kibosho, likala tope jekundu la masika kila mwaka. Halafu, kwa kulipenda, Mwalimu analiosha kila Jumamosi kwa mashine ya presha, na kijana anayeosha anaelekeza mpira pale pale kwenye bushi kwa sababu ndipo tope lilipo. Maji ya presha yanaingia mahali ambapo mvua isingeingia. Nimewaomba wateja wangu wote: chini ya gari osheni kwa mpira wa kawaida, muda mrefu, bila presha.

Siku ya kwanza sikufungua kitu. Hili kijana wangu hakulipenda, maana jirani zetu wanapima fundi kwa kelele anazopiga. Tulipandisha gari, tukaweka stendi mbili chini ya chesisi na gurudumu la akiba kwa ubavu, endapo stendi itateleza. Tukapiga brashi ya waya bolti zote nne mpaka alama za visahani zikaonekana, na kwa kila moja nikagonga nukta kwa ponchi: moja kwenye kisahani, moja kwenye chesisi, zikitazamana. Nukta hizo ndizo njia ya kurudi nyumbani. Bila hizo, ukishazungusha huku na huku, hujui tena gari lilikuja likiwaje.

Dawa ninayotumia naichanganya mwenyewe: mafuta mekundu ya gia za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Asetoni inayafanya mafuta kuwa mepesi, yanapenya mle ambamo peke yake yasingefika, halafu yenyewe inaruka na kuyaacha mafuta ndani. Vinajitenga vikitulia, kwa hiyo unatikisa kila unapotumia. Usiweke kwenye chupa ya plastiki usiyoijua, usikaribishe moto, na usimwagie rangi ya gari. Wapo wanaotumia mafuta ya breki, na kweli yanapenya, ila yanachuna rangi. Dizeli nayo inasaidia kwa asiye na kingine, ukiipa siku zaidi. Mimi nayatia kwa sindano ya ng'ombe, ile nene ya duka la dawa za mifugo, kwa sababu naweza kuipeleka ncha yake kwenye ufa kati ya bomba la bushi na chesisi, nikadondosha matone sita, saba, yakaenda yanakotakiwa. Ukinyunyiza kwa kopo unaulowesha mpira wote, na mpira wa bushi haupendi mafuta. Unavimba na kulegea. Matone asubuhi, mchana, jioni. Kabla ya kufunga gereji nikatia tena.

Alhamisi tukaanza kugonga. Kugonga kwenyewe kuna adabu yake. Nati unairudisha mpaka iwe sawa na ncha ya bolti, usiitoe, ili nyundo itue juu ya nati na nyuzi zisipondeke. Jeki unaiweka chini ya wishiboni na kuipandisha kidogo, kwa sababu springi ya Prado imekaa juu ya wishiboni hiyo hiyo na inaisukuma chini. Bolti yenye mzigo haitoki hata ikiwa safi. Halafu unagonga kwa nyundo ya kilo 2, mapigo mafupi, mazito, yanayofanana, huku mwenzako ameshika spana upande wa pili na kuikaza kidogo. Kuikaza, ndiyo. Kutu inavunjika kwa kutikiswa pande zote mbili, na bolti ikisogea hata upana wa nywele kwa kukazwa, umepata ufa wa kupitishia mafuta. Ukitaka kufungua tu, unavuta upande mmoja kwa nguvu zako zote mpaka kitu kinakatika.

Na kinachokatika mara nyingi ni yale masikio mawili ya chesisi. Kisahani kinayasukuma, bolti haitaki, basi masikio yanalala. Bolti utanunua nyingine. Bushi utanunua. Masikio yakishalala, kisahani hakina tena cha kusukumia, na gari hilo halitapangwa kemba mpaka mtu ayachomelee upya kwa vipimo. Nimeona Prado mbili zilizofanyiwa hivyo kwa bunduki ya upepo ya kufungulia nati. Kwa hiyo kijana wangu nikamwekea sheria: bunduki ya upepo inakaa kwenye ndoano yake mpaka kazi hii iishe.

Ya kulia mbele ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Saa 5 asubuhi mlio wa nyundo ulibadilika. Meku ndiye aliyenifundisha kusikiliza: bolti iliyoshikana inatoa mlio mfu, kama unagonga gogo, kwa sababu unaipiga wishiboni nzima, ikianza kuachana inalia yenyewe, mlio mwembamba, wa juu. Ukatokea ule mwembamba. Tukaweka spana, tukakaza kidogo, tukalegeza kidogo, na safari hii mstari wa chaki ukabaki pale nilipouacha. Tukatia mafuta. Yakatoka upande wa pili yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yamebeba unga wa kutu. Nusu saa nzima tulienda mbele na nyuma, kila mara tukiongeza kidogo, mpaka bolti ikazunguka duara zima. Nikaitoa, nikaiangalia. Sehemu ya katikati, kama urefu wa kidole gumba, ilikuwa nyeusi na imelika. Nyingine yote ilikuwa bado inang'aa kama ilivyotoka kiwandani.

Ngoja nitoke kidogo kwenye Prado, kwa sababu wiki hiyo hiyo kijana mmoja wa Ngarenaro alinipigia simu kutoka Arusha kuhusu Subaru Impreza yake, na ugonjwa wake ni ndugu wa huu. Amefunga zile shokapu za kupandisha na kushusha, zenye nyuzi mwilini na ringi mbili: moja inashikilia springi, nyingine inaifunga ya kwanza isisogee. Alitaka kupandisha gari kabla ya mvua, ringi zikagoma. Ameshavunja meno ya ringi moja kwa tindo.

Nilimwambia aache tindo. Kwenye shokapu nyingi za aina hiyo ringi ni za aluminiamu na mwili ni wa chuma, na metali mbili tofauti zikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi au tope, aluminiamu inaota unga mweupe unaojaa kwenye nyuzi. Kwanza unapiga brashi nyuzi zilizo juu na chini ya ringi mpaka ziwe safi kabisa, kwa sababu hata ringi ikilegea, haitapanda juu ya nyuzi zenye mchanga uliokauka. Itakwenda nusu duara na kukwama vibaya zaidi. Unatoa shokapu kwenye gari, na springi unaibana kwa kibanio chake ili isisukume ringi. Unalegeza ringi ya kufunga kwanza, halafu ile ya springi. Unatumia spana yake yenye ndoano, siyo bisibisi. Na ukigonga, gonga pande mbili zinazotazamana, kwa kipande cha mti mgumu au shaba, ili ringi isikae mshazari.

Moto unasaidia sana hapo, kwa sababu aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Ringi ikipata joto inajifungua yenyewe kutoka kwenye mwili. Lakini maji ya moto yanatosha: funga kitambaa kwenye ringi, mwagia maji yanayochemka, subiri, mwagia tena. Shokapu usiichome kwa gasi hata siku moja. Ndani kuna mafuta na, nyingi kati yake, hewa iliyoshindiliwa kwa presha kubwa; ukiichoma mwili unaweza kupasuka mikononi mwako. Hilo nilimrudia mara tatu kwenye simu, akaniambia, "Dada, nimekusikia." Ijumaa jioni akanitumia picha ya ringi zote nne zimelegea, na sufuria ya mama yake pembeni.

Turudi Njoro. Ijumaa tulikuwa na bolti tatu zilizobaki. Ya nyuma kulia nikaiwekea moto, lakini moto mdogo na kwenye kichwa cha bolti tu, kitambaa kilicholowa kimefungwa kwenye bushi, kwa sababu mpira ukiungua moshi wake ni sumu na bushi ndiyo imekwisha. Watu wanafikiri moto unalainisha kutu. Kazi yake hapa ni kutikisa. Bolti ya unene wa milimita 14 ukiipandisha joto kwa nyuzi 200 inanenepa kwa milimita 0.03, haifiki hata unene wa unywele mmoja. Ikipoa inanywea. Kutu hainenepi na kunywea sawasawa na chuma, kwa hiyo kila mara inapasuka kidogo. Bolti ikiwa bado ya moto, siyo nyekundu, niligusisha mshumaa penye ufa. Nta ikayeyuka na kunywewa ndani kama maji kwenye ardhi kavu. Ilipopoa tukagonga. Mara ya tatu ya kupasha na kupoza, ikalia mlio mwembamba.

Ya nyuma kushoto ilikubali saa 10 jioni bila moto, kwa mafuta na nyundo tu, ikiwa imelowa siku tatu.

Ya mbele kushoto ndiyo ile iliyonidanganya mwanzo. Nimeipasha mara tano. Nimeilisha nta mshumaa mzima. Kila nikigonga, gogo. Jioni ile Meku alipita akitoka msibani, kavaa koti lake, akainama chini ya gari bila kusema kitu. Akaomba nyundo ndogo. Akagonga bolti mara mbili, akagonga wishiboni mara mbili, akasikiliza. Vilitoa sauti moja.

"Shikamoo, Meku. Unaonaje?"

"Marahaba. Bushi yake nzima?"

Nikamulika tochi. Mpira ulikuwa umepasuka nusu duara kufuata bomba. Mle ndani, kwa miaka yote hiyo, wishiboni ilikuwa inapanda na kushuka kwa kuuchana mpira.

"Basi unaokoa nini?" akauliza. "Hii ikate."

Alikuwa sahihi, na nilihitaji kuambiwa. Ukishaitumikia bolti siku tatu inakuwa ngumu kuiacha. Lakini nilichokuwa nakilinda ni bushi, na bushi ilikuwa imekufa kabla gari halijafika kwangu. Nikampigia Mwalimu simu usiku ule, nikamweleza gharama itakavyoongezeka na kwa nini. Aliuliza swali moja tu: kama kuna njia ya kuepuka ambayo mimi mwenyewe ningeikubali kwenye gari langu. Nikamwambia hakuna. "Kata," akasema.

Jumamosi alfajiri kijana wangu alipanda kosta kwenda Arusha kufuata bushi mbili za wishiboni ya kushoto na bolti mpya na visahani vyake viwili. Nilisisitiza visahani. Ukinunua bolti peke yake utapewa ya kawaida inayoingia vizuri kabisa na haipangi chochote. Mimi nikabaki na msumeno wa chuma. Unakata kwenye ufa kati ya bushi na chesisi, pande zote mbili, ili wishiboni idondoke na kipande cha bolti ndani yake. Grinda ingemaliza kwa dakika kumi, lakini diski yake ingekula masikio ya chesisi, na bomba la mafuta ya breki liko karibu. Kwa msumeno wa mkono nilitumia saa moja na nusu na bledi sita. Chesisi haikupata mkwaruzo.

Wishiboni ilipotoka nikaipeleka kwenye presi, bushi za zamani zikasukumwa nje, mpya zikaingia. Kile kipande nikakipasua kwa grinda kwa urefu ili nione. Mstari wa kuonyesha bolti inaishia wapi na bomba linaanzia wapi haukuwepo. Nimekiweka mezani kwangu, nawaonyesha vijana wanaokuja kujifunza.

Kufunga hakukuchukua muda. Bolti zote nne nilizipaka grisi ya shaba sehemu laini inayopita ndani ya bushi, nyuzi nikaziacha kavu, kwa sababu nyuzi zenye grisi zinadanganya spana ya kupimia na unakaza kupita kiasi bila kujua. Visahani nikavirudisha kwenye nukta zangu za ponchi. Kile kipya nikakilinganisha na alama za mwenzake. Nati nikazikaza kiasi tu. Kukaza kwa mwisho ni gari likiwa chini, limesimama kwa matairi yake na uzito wake, limesukumwa mara mbili tatu likakaa. Ukikaza likiwa juu ya stendi na miguu inaning'inia, bushi inafungwa katika mkao huo, na gari likishuka mpira unasokotwa siku ya kwanza kabisa. Bushi mpya nyingi zinauawa hivyo, halafu lawama anapewa muuza spea.

Alaimenti nilikwenda mwenyewe na gari, na daftari la Mwalimu mkononi. Kijana wa mashine alikuwa msikivu. Nikamwomba tuanze na kasta, twende kemba, pua ziwe za mwisho, maana ukigusa kemba pua zinahama na ukianza na pua unazipanga mara mbili. Aliniambia hajawahi kuona bolti za Prado ya zamani zikizunguka zote nne. Alizungusha ya nyuma kushoto kwa spana ya kawaida, mkono mmoja, akainua kichwa kuniangalia. Nambari kwenye skrini zilikuwa zinasogea. Tulimaliza kemba zote mbili zikiwa ndani ya kipimo na tofauti kati yao haifiki nusu nyuzi. Karatasi ikatoka kijani tupu.

Mwalimu alikuja jioni. Matairi mawili ya mbele yalikuwa yameshaharibika, hayo tulibadilisha, na hasara hiyo hakuna wa kumrudishia. Akaendesha, mimi nikakaa kushoto. Tulipita Weruweru, tukashuka Kikavu, tukapanda, tukapita Boma Ng'ombe mpaka pale barabara inaponyooka kuelekea KIA. Hakusema neno njia nzima. Penye mnyoofu, nyuma yetu hakuna gari na mbele hakuna gari, akafungua vidole, viganja bado viko hewani karibu na usukani, akahesabu kwa sauti mpaka nane. Prado ilibaki kwenye njia yake. Akashika usukani, akatafuta mahali pa kugeuzia.

Tulipofika gereji akatoa daftari, akabandika karatasi mpya chini ya zile tatu, akaniuliza bolti zizungushwe tena lini. Nikamwambia kila baada ya miezi sita, nusu duara mbele, nusu duara nyuma, zirudi kwenye nukta, zikazwe kwa kipimo, halafu mashine ihakikishe. Akahesabu kwa vidole, akaandika mwezi wa Desemba, wiki ya kwanza. Akauliza kwa nini ya kwanza. Nikamwambia kuanzia ya pili magari ya Dar yanaanza kupanda kuja Krismasi, kila siku nakuwa na manne au matano yamepanga mstari mlangoni, yote yanakula tairi upande wa ndani, na mengi yao bolti zake hazijazungushwa tangu yashuke bandarini.